Aliyezichukua Nakshi za Mwanapili

Mwanapili Chirau alizaliwa Ramisi, katika nyumba za wakata miwa, na kwa mamake alirithi mambo mawili: mkono wa kudarizi na tabia ya kutomwamini mtu. Mamake alikuwa akishona kofia za viua, zile za matundu madogo madogo ambazo mtu huweza kukaa na moja miezi mitatu mapajani. Katika kila kofia aliacha tundu moja amelipinda kusudi, mahali ambapo mwenyewe tu alipajua.

"Kofia haina mdomo," alikuwa akimwambia bintiye. "Akiichukua mtu akasema ni kazi yake, nitashuhudiwa na nani?"

Alipofika miaka arobaini na sita, Mwanapili alikuwa na duka Msambweni, kando ya barabara iendayo hospitali. Hakushona tena kwa mkono. Alikuwa na mashine ya kudarizi, yenye sindano kumi na mbili, na kompyuta ya kuiongoza. Alichora nakshi kwa penseli, akaipiga picha, kisha programu katika kompyuta ikaigeuza kuwa mishono: uzi uingie wapi, utoke wapi, ukatwe wapi. Akilihamisha faili kwa flashi hadi kwenye mashine, kifua cha kanzu kilikuwa tayari kabla chai haijapoa.

Programu ile aliiweka Swabir, mtoto wa kakake Abubakar, aliyekuwa fundi wa kompyuta Ukunda. Siku ya kuiweka alizima mtandao kwanza, akazima na kinga ya virusi.

"Mbona waizima?" Mwanapili akauliza.

"Itapiga kelele, shangazi. Ukiinunua kwa wenyewe, leseni yake ni bei ya mashine ya pili. Hii imefunguliwa tayari. Ila ikikwambia nisasishe, usikubali hata siku moja."

Ilipofunguka, pembeni mwa skrini pakatokea maneno kwamba programu imesajiliwa kwa jina la Rodrigo.

"Na huyu Rodrigo ni nani?"

"Ni jina tu, shangazi. Huenda hata si mtu."

Mwanapili hakulipenda jina lile. Lakini Swabir alikuwa damu yake, na kampuni iliyotengeneza programu ilikuwa ng'ambo, haimjui wala haijui Msambweni iko wapi. Alijiambia kwamba hakumnyang'anya mtu tonge mdomoni. Hata hivyo kompyuta aliielekeza ukutani, na kila alipoingia mtu na faili kwapani, aliinuka kumlaki mlangoni. Siku moja bwana mmoja aliyevaa tai aliuliza maswali mengi kuhusu mashine, Mwanapili akazima kompyuta kwa kuung'oa waya. Bwana yule alikuwa akitafuta mtu wa kudarizi jina la marehemu mamake kwenye shuka.

Kazi ilipozidi, akamwajiri Claire Nafula. Claire alikuwa mzaliwa wa Bungoma, amekuja pwani na mumewe aliyekuwa mpishi wa hoteli Diani. Yeye mwenyewe alifanya kazi miaka minne katika chumba cha sare cha hoteli nyingine, na kompyuta aliifahamu kuliko Mwanapili. Wiki ya kwanza tu alilisoma jina la Rodrigo, akacheka.

"Mama Yusra, hii programu ni ya wizi. Kule hoteli tulikuwa na leseni. Kila mwaka walikuwa wanalipia."

"Basi usiseme ovyo."

"Nitamwambia nani? Nimesema tu."

Claire aliyasahau maneno yale papo hapo, lakini Mwanapili aliyaweka moyoni. Tangu siku ile alijua kwamba binti huyu wa bara anashikilia jambo linaloweza kumfungia duka, na kila alipomwona anacheka kwenye simu alijiuliza anacheka na nani.

Nakshi iliyompa Mwanapili jina aliiita ua la mkanju, yaani mti wa korosho. Aliichora Kikoneni kwa dadake, msimu wa mikanju kuchanua: vishada vya maua, majani mapana kumi na manne yakizunguka shingo ya kanzu. Jani la saba, upande wa kushoto, aliligeuza mishipa yake ielekee chini. Claire alipoiona mara ya kwanza akauliza, "Hili umekosea ama?" Mwanapili akamwambia aliache hivyohivyo, hakumweleza sababu.

Mwezi wa Rajabu alialikwa nikahi Kikoneni. Bwana harusi na wenzake wanane waliingia wamevaa kanzu nyeupe za vifua vya rangi ya maziwa, na Mwanapili, aliyekaa na wanawake upande wa pili, akanyoosha shingo. Ni ua la mkanju, na yeye hakuwashonea watu wale. Alimngoja mmoja wao apite na sinia la halua, akajifanya anamwondolea uzi begani. Jani la saba lilikuwa limegeuka.

"Mashaallah, kanzu nzuri," akasema. "Mmeshonea wapi?"

"Ukunda, mama. Kwa Kaingu, pale nyuma ya soko."

Mwanapili hakumjua Kaingu. Pilau ililetwa, naye hakuila. Alihesabu watu waliokuwa na njia ya kulifikia faili lile, akapata wawili, yeye mwenyewe na Claire.

Hakusema kitu, na huko kunyamaza ndiko kulikomharibu. Alimlaki Claire asubuhi kwa uso uleule, akammiminia chai, huku macho yanaizunguka simu yake. Claire akienda msalani, Mwanapili alifungua mkoba wake: kitana, chupa ya maji, Biblia ndogo, flashi moja nyekundu. Flashi aliichomeka kwenye kompyuta. Ilikuwa na nyimbo za kwaya. Badala ya kutulia, akasema moyoni: huyu ni mwerevu, anayo nyingine.

Akamwambia Warda, mwenye duka la vitambaa la jirani. Warda akasikitika, akawaambia wengine wawili kwa siri. Siku chache baadaye wanawake wa barabara ile wakawa wananyamaza Claire apitapo, na Claire akidhani ndiyo desturi ya watu wa pwani kwa mgeni.

Kisha Claire akaja na macho mekundu.

"Mama Yusra, baba amefariki. Naomba wiki mbili niende nyumbani nikamzike."

"Inna lillahi. Pole sana," akasema Mwanapili, na pole ile ilikuwa ya mdomoni. Rohoni alijiuliza kama kweli kuna maiti.

Katika wiki zile mbili alifanya kazi peke yake. Mwalimu wa madrasa moja ya Kikoneni alimtaka nakshi mpya ya kofia za wanafunzi, isiyofanana na ya mtu. Mwanapili akachora msuko wa ukili, ule wanawake wausukao kwa mikeka, ukizunguka kofia bila mwanzo wala mwisho. Aliumaliza siku ya Jumatano, akauhifadhi katika kompyuta. Hakumwonyesha mtu yeyote, hata Yusra bintiye aliyekuwa akisoma chuo Kwale na kuja nyumbani mwisho wa wiki.

Claire alirudi Jumatatu, amenyoa nywele kwa msiba. Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipe funguo."

"Funguo gani?"

"Za duka. Nakshi zangu zavaliwa Kikoneni, zauzwa Ukunda. Mimi sikuziuza. Humu ndani tuko wawili."

"Unasema mimi ni mwizi?"

"Nasema tuko wawili."

"Ndiyo maana flashi yangu ilikuwa kwa mfuko ile ingine." Sauti yake ilishuka. "Ulinipekua. Nilidhani nimechanganyikiwa tu, na baba alikuwa anaumwa. Mama Yusra, si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema kweli?"

Claire aliweka funguo juu ya mashine, akatoka. Warda alikuwa kibarazani kwake anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa.

Siku ya tatu Mwanapili alikwenda Ukunda amejiandaa kwa ugomvi. Kaingu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, duka lake safi, na alimkaribisha kiti kabla hajauliza shida yake. Mwanapili hakukaa. Alikuwa ameiona kofia juu ya kabati ya vioo, imezungushiwa msuko wa ukili.

Aliionyesha kwa kidole.

"Kofia ile umeitoa wapi?"

"Ni nakshi mpya, mama. Nimeipata juzijuzi. Wataka?"

"Juzijuzi lini?"

Kaingu akafungua simu yake. "Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Nilitumiwa."

Alhamisi ya wiki iliyopita Claire alikuwa Bungoma, kaburini kwa babake au njiani kutoka kaburini. Na nakshi ile haikuwa imezaliwa alipoondoka.

"Hiyo ni kazi yangu," Mwanapili akasema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyoipanga. "Nimeichora mimi kwa mkono huu."

Kaingu hakukasirika. Aliigeuza kompyuta yake ili na yeye aione, akafungua maelezo ya faili. "Mimi nanunua, mama, siibi. Na kila faili nalitazama kabla sijalipa. Hapa panaandikwa mwenye kulichora. Tazama mwenyewe: Rodrigo. Ua la mkanju pia ni Rodrigo. Wewe waitwa Rodrigo?"

Mwanapili alilitazama jina lile alilolizoea miaka mitatu pembeni mwa skrini. Programu ilikuwa ikilipiga kama muhuri juu ya kila alichokichora. Jani lake la saba lingeweza kumshuhudia, lakini kila faili lilimshuhudia Rodrigo.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Huyo siwezi kukutajia. Ni fundi wa kompyuta, kijana mwenye adabu, ananitengenezea hata hii." Kisha, labda kwa kuuona uso wake, akaongeza, "Hayuko mbali. Duka lake liko karibu na stendi."

Hapakuwa na haja ya kumtaja. Mwanapili alitembea hadi stendi jua likiwa utosini. Swabir alikuwa ameinamia kompyuta iliyofunuliwa tumbo.

"Shikamoo, shangazi! Karibu, karibu."

Hakumwitikia. "Wawezaje kuingia katika kompyuta yangu nawe uko huku?"

Swabir aliweka bisibisi chini. Hakuruka wala hakuapa, na Mwanapili angetamani aape.

"Niliacha mlango mdogo siku ile ya kuiweka. Ni wa kukusaidia ukikwama. Si ulikuwa unanipigia simu, nikikurekebishia bila kuja?"

"Na nakshi?"

"Nilizichukua chache." Akajikuna shingo. "Shangazi, nimekupunguzia nini? Fungua kompyuta yako utazikuta zote. Si kama nimebeba mashine. Ni nakala tu, kama ile programu."

"Ile ni ya watu wasionijua!"

"Nao wana watoto, shangazi. Kuna mtu ameketi akaiandika, kama ulivyoketi ukachora. Mimi simlaumu mtu, natafuta riziki kama wewe."

"Nimemfukuza Claire kwa sababu yako."

Hapo Swabir aliinamisha kichwa. "Hilo sikulijua, wallahi." Kisha akasema taratibu, bila kumtazama, "Ukienda mbele na neno hili utaulizwa ulichorea programu gani. Nakwambia kwa wema."

Mwanapili alirudi Msambweni akiyapima maneno yale ya mwisho. Hakuweza kuamua kama ni nasaha au ni kisu. Alikuwa amemlea kijana yule likizo zote za utoto wake, na sasa hakujua hata sauti yake aifasirije.

Asubuhi iliyofuata alipanda Kwale kumwona wakili aliyekuwa akitoa ushauri bure, bibi mmoja aitwaye Concepta. Alimwambia kwamba amekuja kwa niaba ya rafiki yake. Rafiki huyo ana nakshi zimeibwa. Rafiki huyo pia, kwa bahati mbaya, ana programu isiyo na leseni.

Concepta aliandika kidogo, akaacha kuandika.

"Huyo rafiki yako ana michoro ya penseli?"

"Anayo yote. Ana daftari, na tarehe kaandika."

"Basi mwambie michoro ile ni mali yake, na sheria inamlinda. Mtu kuwa na kosa lake si ruhusa ya yeye kuibiwa."

Mwanapili akashusha pumzi.

"Lakini mwambie pia," Concepta akaendelea, "kwamba sheria hiyohiyo inamlinda aliyeandika programu. Ni kitabu kimoja. Hawezi kuja kwangu akaomba nimsomee kurasa zake tu. Akishitaki, upande wa pili utalitaja, na atajibu. Asafishe nyumba yake kwanza." Akatabasamu kidogo. "Na aje mwenyewe mara nyingine. Nitafurahi kumfahamu."

Mwanapili aliteremka akiwa na aibu ya mtu aliyeonekana. Wiki ile alimwita fundi wa Kwale asiyejuana na Swabir, akakaa kando yake muda wote akiangalia kila alichokibofya. Fundi alifuta kompyuta yote. Aliweka programu nyingine, ya bure, ambayo walioitengeneza wameandika waziwazi kwamba yeyote aitumie. Mwanapili alimfanya amsomee ruhusa ile neno kwa neno, tena mara mbili, maana hakuamini kwamba mtu aweza kufanya kazi kubwa hivyo akaitoa hivihivi. Programu yenyewe ilikuwa nzito kuijua. Kanzu ya kwanza ilitoka shingo imepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino, akaifumua.

Mwanapili alimpelekea Kaingu daftari la michoro ya penseli dukani kwake. Kaingu alilipitia ukurasa baada ya ukurasa, akalifikia jani la saba, akalirudia. Alishusha ile kofia kabatini na kusema hatashona nakshi ile tena mpaka waandikiane mkataba. Abubakar naye alikuja kumwombea mwanawe. Alikaa na dadake kutwa nzima, wakanywa kahawa, na neno la mahakama likawekwa kando, halikutupwa. Swabir alituma ujumbe wa kuomba radhi. Mwanapili aliusoma mara nyingi akitafuta kilichojificha ndani yake. Hakukiona, na hakuujibu.

La Claire ndilo lililomchukua muda mrefu. Alianza kwa Warda, kwa sababu ndiko alikoanzia ubaya.

"Claire hakuiba," akamwambia. "Ni mtoto wa kakangu. Wale uliowaambia, waambie na hili."

"Mimi sikumwambia mtu," akasema Warda.

"Basi usiowaambia, waambie."

Claire alikuwa akikaa Mwabungo, chumba cha nyuma katika nyumba ya mabati. Mwanapili alimkuta akianua nguo. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Hakumkaribisha ndani, lakini hakumfukuza.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mwanapili akasema. "Si wewe. Nimemjua mwenyewe."

"Mimi nilijua si mimi."

"Nataka urudi. Programu ya Rodrigo nimeifuta, nimeweka nyingine, ya bure."

Claire alikunja shati la mumewe, akaliweka juu ya mengine. "Sirudi, Mama Yusra. Sitaki kufanya kazi nikihesabu mara ngapi nimeenda choo. Kuna hoteli hapa Diani inatafuta mtu wa sare. Wameniuliza nilitoka wapi na kwa nini. Nikasema niliambiwa ni mwizi. Nitawaambia nini kingine?"

"Nimekuandikia barua." Mwanapili akaitoa kifuani mwa buibui, imepigwa chapa na muhuri wa duka.

Claire aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akamrudishia.

"Hapa umeandika, 'ilidhaniwa kuwa amechukua mali.' Ilidhaniwa na nani?"

Mwanapili akaipokea karatasi.

"Andika jina. Kalamu iko ndani, nakuletea."

Alileta kalamu na kiti cha plastiki. Mwanapili aliketi uani, kati ya nguo zilizokuwa bado kambani, akaigeuza karatasi upande wa pili na kuiweka juu ya goti. Mkono uliozoea penseli ulisita kwenye neno la kwanza. Kisha akaandika polepole, kwa hati kubwa ya kusomeka: Mimi, Mwanapili Chirau wa Msambweni, nilimdhania Claire Nafula wizi, nikampekua mkoba wake, nikamtangaza kwa majirani, na nilikosea. Aliongeza tarehe, akaweka sahihi.

Claire aliichukua, akaipuliza wino ukauke.

"Na pole kwa baba," Mwanapili akasema. "Ile siku nilisema, lakini sikuisema."

"Asante."

Aliikunja barua. Halafu akauliza programu ile mpya inaitwaje, na kama shingo ya kanzu inatoka imepinda.

"Inapinda."

"Ni ule mvutano wa uzi, unaanza kushona kutoka nje. Anza katikati, ndiyo utoke nje." Akarudi kwenye kamba ya nguo. "Jaribu hivyo."